Sura ya Nne: Paka Anayeona

Friji la kwanza lilikuwa tupu. La pili lilikuwa na trei za mayai zisizo na mayai, na harufu ya kitu kilichooza zamani kikasahauliwa. Kabla ya kufungua la tatu Koplo alimgeukia Inspekta kwa macho ya mtu anayeomba aambiwe imetosha. Inspekta akamwashiria kwa kidevu. Fungua.

Ua mzima ulijaa mafriji. Marefu, mafupi, ya milango miwili, ya kuuzia soda, mengine yamelazwa chali, yamepangwa kutoka ukuta wa jirani mpaka ndani ya stoo iliyokuwa nyuma ya nyumba. Yalikuwa ya fundi friji, mpwa wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwenyewe, mwalimu mstaafu aliyeishi na paka watatu, hakuwepo. Fundi alisema shangazi yake amesafiri wiki iliyopita kwenda kumwona rafiki. Mdogo wa mwalimu, aliyeshuka jana kutoka nchi nyingine bila kumtaarifu mtu, alisema huo ni uongo mtupu. Naye Mkuu wa kituo, mtu asiyependa mafaili manene, alitia sahihi hati ya upekuzi kwa sharti moja: jioni ikifika hakijapatikana kitu, basi mtu mzima amesafiri kwa hiari yake na faili lifungwe.

Ndiyo maana walikuwa wakifungua mafriji. Hakuna aliyetamka wanachokitafuta humo ndani, na hakuna aliyehitaji kukitamka.

"Mkimaliza niachieni milango wazi, afande," fundi alisema. "Yapate hewa kidogo."

Alikuwa amesimama kando na mwiko wa kujengea mkononi, suruali imetapakaa saruji, anatabasamu. Inspekta hakumpenda tangu alipowafungulia geti. Lakini alikuwa kwenye kazi hii miaka ya kutosha kujua kwamba kutompenda mtu si ushahidi, la sivyo angeshawafunga nusu ya watu wa mji, akianzia na Mkuu wake.

Wakamaliza ua, wakaingia stoo. Mle ndani mafriji kadhaa yalikuwa yamewashwa, yananguruma kwa pamoja hata ikabidi watu wapaze sauti.

"Haya mbona yamewashwa yote?" Inspekta aliuliza.

"Nayajaribu, afande. Friji halijaribiwi mara moja ukaondoka. Linaachwa lifanye kazi mchana na usiku."

"Majirani hawalalamiki?"

"Wameshazoea."

Friji la mwisho lilikuwa la buchani, kubwa kama kabati la nguo, limeegemea ukuta wa nyuma wa stoo. Koplo alivuta pumzi, akavuta na mpini. Tupu. Hata rafu hazikuwamo. Inspekta aliona mabega ya Koplo yakishuka kwa nafuu, na yeye mwenyewe akapata nafuu hiyo hiyo, kisha akakasirika. Mwanamke angepatikana humo, angalau mdogo wake angejua moja.

Alitoka akazunguka kando ya stoo, fundi akimfuata. Palikuwa na ujia mrefu, mwembamba, kati ya stoo na ukuta wa mpaka, wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Ndoo ya saruji ilikuwa hapo, na chini ya ukuta wa stoo palionekana matundu ya hewa yaliyozibwa, plasta yake ikiwa imeshakauka, yote isipokuwa moja la mwisho kabisa.

"Unaziba?"

"Panya, afande. Wananikatia nyaya."

"Una paka watatu halafu una panya?"

Fundi akacheka. "Hao wa shangazi? Hao hata panya akipita mbele yao akawaamkia, hawamwoni."

Inspekta alitaka kumjibu, akapiga chafya. Akapiga nyingine, na nyingine. Pua yake haikuwahi kupatana na paka. Wakati mwingine ilijua amepita paka kabla macho hayajaona unyoya.

"Paka wanafika huku nyuma?"

"Hawafiki. Wanashinda jikoni."

Akajifuta pua, akaendelea kuutazama ujia ule kwa muda. Halafu akarudi ndani, fundi nyuma yake.

Jikoni alimkuta mdogo wa mwalimu ameketi kwenye kigoda, paka mnene mweupe yuko mapajani. Alikuwa mama wa makamo, amevaa nguo zile zile za jana, na alikuwa akiongea na yule paka kwa sauti ya chini kama anayemhoji. Sufuria ya nyama ya fundi ilikuwa mekoni, inanukia vitunguu, na shada zima la vitunguu lilining'inia mlangoni. Kando ya sinki zilianikwa sahani mbili: moja ya udongo, nyingine ya bati.

"Unaishi na nani, fundi?"

"Peke yangu, tangu shangazi aondoke."

Mama yule alinyanyuka. "Afande, njoo uone. Chakula cha paka kiko kwenye ndoo."

"Na hilo ni kosa, mama?"

"Kwa dada yangu ni kosa! Dada hamimini chakula cha paka kwenye ndoo hata siku moja. Anakiacha kwenye mfuko wake, anaukunja mdomo, anaubana kwa kibanio cha nguo. Anasema maelezo yote yako kwenye mfuko: kimetengenezwa na nani, kina nini, kinaisha muda lini. Ukimimina kwenye ndoo umetupa maelezo. Mimi mwenyewe nilishagombezwa kwa jambo hilo, nimeolewa na wajukuu ninao!"

"Shangazi alikimimina mwenyewe kabla hajasafiri," fundi alisema. Hakupepesa macho.

"Shangazi yako yupi huyo?" mama alimgeukia. "Miezi yote ananijibu kwa ujumbe tu. Nikipiga simu hapokei. Nami mjinga nikasema, ah, dada na simu zake. Mtoto wa kaka yangu wewe, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Dada yuko hai?"

"Shangazi, nimeshakwambia. Amesafiri."

Paka mweupe alijichomoa, akaruka chini, akagonga kichwa kwenye mguu wa meza. Akasimama pale pale, mkia umenywea. Paka wa pili, wa kijivu, alikuja akitembea huku amegusisha ndevu zake ukutani, hatua kwa hatua, akaupata mlango na kutoka. Inspekta aliwatazama wote wawili. Kisha akachota chembe za kile chakula kwenye ndoo, akazitia kwenye bahasha.

"Koplo, tafuta boksi. Tunakwenda na paka."

"Paka, afande?"

"Wote watatu."

Tabasamu la fundi lilififia kidogo, likarudi. Inspekta aliliona, ila alikuwa katikati ya chafya na hakulitilia maanani ipasavyo.

*

Daktari wa wanyama alikuwa bwana mnene mwenye vidole vyepesi. Aliwajua paka wale kwa majina. Mweupe aliitwa Bwana Mkubwa, wa kijivu aliitwa Ukungu, na wa mwisho, kipaka chembamba cha madoa kisichozidi kiganja kwa upana wa kifua, aliitwa Kisoda. Mwenye paka pia alimjua sana.

"Mwalimu? Mwalimu alikuwa akinisahihisha mimi," alisema huku akimweka Bwana Mkubwa mezani. "Ananunua kile tu kilichopangwa na wataalamu wa lishe, akiwa na mtoto wa paka anataka cha watoto, akiwa na mzee anataka cha wazee. Nikimwambia kimeisha, ananiuliza mbona nimekiacha kiishe. Mezani kwake paka hapewi kitu. Hata mfupa wa samaki, hathubutu mgeni kutupa chini."

Akawasha kurunzi ndogo, akaimulika kwenye macho ya Bwana Mkubwa. Akamulika tena. Mboni zilibaki wazi, pana na nyeusi, kana kwamba hakuna mwanga wowote. Akamvuta Ukungu, akapata yale yale. Akaweka chombo chake kifuani kwa kila mmoja, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ambavyo Inspekta angependa.

"Hawa ni vipofu," alisema hatimaye. "Na mioyo yao imechoka."

Mdogo wa mwalimu, aliyekuja nao, alijishika mdomo.

Inspekta akammiminia daktari zile chembe mezani. Daktari alivunja moja kwa kidole gumba, akainusa, akachukua nyingine za kufanana nazo kutoka mifuko miwili ya rafuni, akazipanga pamoja.

"Nani anawapa hiki? Hiki ni cha mbwa."

"Samahani, daktari," Koplo alisema. "Kwani si mnyama ni mnyama? Mbwa akishiba, paka atashindwa vipi?"

"Kushiba atashiba. Tatizo liko hapo, maana unamwona anashiba unadhani mambo ni mazuri. Kuna kitu kinaitwa taurini. Mbwa mwili wake unajitengenezea. Paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha, lazima akile. Kimo kwenye nyama, kimo kwenye samaki, na wanaotengeneza chakula cha paka wanakiongeza makusudi. Kwenye cha mbwa hawana sababu. Mlishe paka chakula cha mbwa, atakula, atalamba midomo, na macho yatakufa taratibu. Moyo nao unafuata."

"Taratibu kiasi gani? Wiki moja inatosha?"

"Wiki?" Daktari alimtazama kama aliyetukanwa. "Macho kufika hapa ni miezi, afande. Miezi mingi."

Kila mmoja alifanya hesabu yake, na zote zilitoa jibu lile lile. Mwalimu huyu asingewalisha paka wake chakula cha mbwa hata kwa bahati mbaya. Basi si yeye aliyewalisha wiki iliyopita, wala mwezi uliopita, wala msimu mzima uliopita. Fundi alikuwa ameteleza kwenye jambo ambalo kwake halikuwa jambo: mnyama ni mnyama.

"Basi dada ameshakufa zamani," mama alisema. Hakulia. Alisema hivyo akiwa amesimama wima, mkono juu ya mgongo wa Ukungu. "Nilikuwa naandikiana na huyu mtoto. Nilikuwa namwandikia mambo ya ndani ya moyo wangu, nikidhani ni dada."

Inspekta alimhurumia kweli, na huruma ilimfanya ageuke pembeni, macho yakamwangukia Kisoda. Kipaka kilikuwa kimekaa ukingoni mwa meza kikimtazama nzi dirishani. Nzi akipanda, kichwa kinapanda. Nzi akishuka, kichwa kinashuka.

"Daktari. Huyu anaona."

Daktari akamulika. Mboni zikasinyaa papo hapo, zikawa nyembamba. Akasikiliza moyo, akainua mdomo, akatazama fizi, kisha akachukua koleo ndogo na kuchomoa kitu kati ya meno. Uzi mwembamba wa nyama iliyochemshwa.

"Huyu ana mahali anapokula nyama," alisema. "Tena si mara moja. Kila siku, au karibu kila siku."

"Anaiba sufuriani kwa fundi," alisema Koplo.

"Sufuria ya fundi ina nini?"

"Vitunguu," Inspekta alijibu kabla hajafikiri. "Imejaa vitunguu."

"Basi hapana. Kitunguu ni sumu kwa paka, afande. Kinamla damu. Angekuwa anakula makombo ya sufuria ile miezi yote, fizi zake zingekuwa nyeupe kama karatasi. Tazama, nyekundu kabisa. Anayempa hii nyama anaitoa mchuzi wote kwanza. Anaiosha. Watu wangapi unaowajua wanaomwoshea paka nyama?"

Mama alikuwa ameinua kichwa.

Inspekta aliketi kwenye benchi. Sahani ya udongo na sahani ya bati. Nyama ya sufuria moja, imepakuliwa mara mbili. Mtu anayepelekewa sahani ya bati anaitoa nyama, anaiosha kwa maji yake ya kunywa, anampa kipaka chembamba kinachoweza kupenya mahali ambapo Bwana Mkubwa na kitambi chake hawezi, wala Ukungu. Na chafya zake. Alipiga chafya kando ya stoo, kwenye ujia ambao paka hawafiki. Ujia ule ulikuwa mrefu. Stoo kwa ndani ilikuwa fupi kuliko ujia huo.

"Tulitazama ndani ya mafriji," alisema polepole. "Hatukutazama nyuma yake."

"Afande?"

"Akasema panya akiwaamkia hawamwoni. Alijua ni vipofu, Koplo! Na akatuona tunaondoka na paka." Alikuwa ameshasimama. "Lilibaki tundu moja. Na alikuwa na mwiko mkononi."

*

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Koplo aliruka ukuta, akachana suruali ya serikali, akawafungulia. Fundi walimkuta bombani ananawa mikono. Maji yaliyotoka vidoleni mwake yalikuwa ya kijivu. Stoo ilikuwa ikinguruma.

"Afande! Mmerudisha paka?"

"Tumewarudisha," Inspekta alisema. Alijitahidi sauti yake iwe ya kawaida. "Wana njaa. Wawekee chakula."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Alikuwa na haraka ya kuvunja, lakini ujia ulikuwa mrefu na fundi angekana mpaka kesho. Kipaka kingemwonyesha mahali bila kubishana na mtu. Fundi akaleta bakuli, akamimina zile chembe. Bwana Mkubwa na Ukungu wakazifuata kwa pua, wakala. Kisoda alinusa, akatikisa mguu mmoja kama aliyekanyaga maji, akageuka. Akatoka jikoni mkia juu, bila haraka, kama anayejua anakokwenda.

"Huyo atapotea," fundi alisema na kumkimbilia. "Acha nimshike."

Koplo alimzuia kwa kifua. "Tulia hapo."

Kisoda alipita ua, akapita kati ya mafriji, akaingia ujiani. Inspekta akamfuata kwa ubavu, mgongo ukisugua ukuta wa mpaka, na nyuma yake akafuata mdogo wa mwalimu, viatu mkononi. Mwishoni kabisa mwa ujia kipaka kikasimama. Pale palipokuwa na tundu asubuhi palikuwa na plasta mbichi, imelainishwa vizuri na fundi anayejua kazi. Kisoda aliigusa kwa mguu. Akaikwaruza. Halafu akalia, mara moja, kwa nguvu kuliko mwili wake.

Inspekta akapiga chafya iliyomtoa machozi.

"Koplo!" alipaza sauti. "Zima umeme wote!"

Mafriji yakanyamaza, moja baada ya jingine, na ukimya uliofuata ulikuwa mzito kuliko ule mngurumo. Kutoka uani ilisikika sauti ya pingu, kisha sauti ya fundi, nyembamba, haikuwa na kicheko tena.

"Ni saini tu, afande! Nyumba yenyewe anazeekea peke yake na mapaka. Nilimwomba saini moja tu auze. Hataki! Mwulize mwenyewe kama sikumlisha!"

Inspekta alipiga magoti, akachimba plasta kwa vidole. Ilikuwa laini bado. Ilitoka mabonge mabonge, na nyuma yake likatoka tambara, na nyuma ya tambara kipande cha tofali kilichokaa bila kushikana. Akakivuta. Hewa iliyotoka mle ilikuwa ya joto na ya mtu aliyefungiwa muda mrefu.

Hakuna kilichosikika. Mama nyuma yake aliacha kupumua. Inspekta alijiambia kwamba wamechelewa, na alijichukia kwa kila friji alilofungua asubuhi ile.

Kisha kitu kikasogea gizani, karibu kabisa na sakafu. Vidole vikatokea kwenye tundu. Vilikuwa vimekonda, ngozi imeshikana na mifupa, kucha ndefu, na kati yake vilishika kipande cha nyama kidogo, cheupe, kilichooshwa kikatakata. Kisoda alijipenyeza chini ya mkono wa Inspekta, akakila pale pale kutoka kwenye vile vidole, akavilamba.

"Umechelewa leo, mwanangu," sauti ilisema kutoka ndani. Ilikuwa kavu, ya mtu asiyeongea na watu. "Nilisikia wanaziba. Nikasema basi, sitakuona tena." Ikapumzika. "Na wenzako? Wenzako wanakula vizuri?"

Inspekta aligeuka. Mdogo wa mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye saruji mbichi, machozi yanamtiririka. Alipitisha mkono wake kando ya kipaka, akavipata vile vidole, akavishika vyote kwa pamoja.

"Wanakula, dada," alisema. "Wote wanakula vizuri."